Propela Yenye Pua ya Kibuyu

Hapa Nkome, kando ya ziwa, watu wananijua kama fundi wa boti. Boti ya faiba ikigonga mwamba na kupasuka, wenyewe wanaiburuta mpaka kwenye kibanda changu, nami naiziba kwa kitambaa cha faiba na rezini, yale maji mazito ya kunata ambayo ukiyatia hadina kidogo huanza kuganda na kupata moto yenyewe. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Ile nyingine wanaiona ni wazimu, na kwa kuwa nina mdomo mkali hakuna anayeniambia usoni. Natengeneza propela za ndege ndogo za kivita, zile za mfano, za umeme, zinazorushwa kwa rimoti.

Ndege zenyewe ni za mdogo wangu. Yeye ni fundi wa kusuka mota kule Runzewe, anafufua pampu na mashine za kusagia mawe za wachimbaji wa dhahabu, na akitoka kazini anakaa na simu yake akitazama picha za ndege za vita vya zamani. Ndege zake anazikata kutoka kwenye maboksi meupe ya foma, yale ya kupakia minofu ya sangara, ambayo mimi humwokotea huku mwaloni, samaki wanaposhushwa. Jua likiwaka zinanuka samaki. Nilimwambia adui atakimbia kabla hajapigwa risasi, akacheka, lakini aliendelea kuzipaka rangi kwa makini kana kwamba kuna jenerali atakuja kuzikagua.

Propela rahisi kupata, hata ukiagiza kutoka nje, ni ya mapanga mawili. Ndege zile za kweli zilikuwa na mapanga manne, matano, na mdogo wangu hawezi kuvumilia kasoro ya namna hiyo. Tena ndege zake zina miguu mifupi, panga refu linachimba ardhi. Ukitaka nguvu ile ile kwa mapanga mafupi, lazima uyaongeze. Basi nachonga panga moja la mti, nalipiga msasa mpaka liteleze, nalichukulia umbo kwa jasi, halafu natoa mengine yote humo humo kwa faiba na rezini. Nayafunga kwenye kipande cha katikati kinachoitwa kitovu, kila moja kwa pembe ile ile. Moja likizidi uzito au likikaa upande, ndege nzima inatetemeka, na propela inaweza kukatika na kurusha kipande kama kisu. Nina kovu juu ya jicho la kushoto, kwa hiyo sisimulii ya kusikia.

Mdogo wangu alizaliwa pacha. Mwenzake aliondoka kwa surua wakiwa bado wananyonya, na nasema aliondoka kwa sababu nyumbani kwetu neno lile lingine halikutamkwa. Mama alichagua kibuyu kidogo chenye shingo, kinachoenea kiganjani, akakivika kitambaa na kukilaza upande wa ukutani, pale alipokuwa akilala mtoto wa pili. Uji ukipikwa, kibuyu kilitiwa matone mdomoni. Wazee wetu walifanya hivyo zamani, wengi wameshaacha. Sisi ni Wakatoliki, rozari ilining'inia kwenye ukuta ule ule, na padri akija kututembelea mama alifunika kibuyu kwa shuka kama mtu anayemkinga mtoto na mbu.

Waliowahi kuwa na vibuyu vya namna hiyo walikuja kuviweka kando watoto wakishakua. Mama hakukiweka; hata mdogo wangu alipohamia Runzewe, alimfungashia aende kulala nacho. Aliamini kwamba siku kibuyu kikitoka kwenye kitanda cha mwanawe, mwanawe atakifuata. Mdogo wangu akishikwa na homa, mama alianza kwa kukipapasa kibuyu, kisha ndipo aliposhika paji la uso la mtoto. Nilikuwa nasimama mlangoni nikimtazama, na nakumbuka nilivyokuwa nikiombea kibuyu kiwe baridi.

Na kwetu hakikuwa kile. Alikuwa yule. Mama hakusema "kilete," alisema "mlete." Shuleni mwalimu alinisahihisha ngeli mpaka akachoka. Nilijua sarufi vizuri sana, ila nilijua pia ni nani aliyekuwa akilala ukutani kwetu.

Kwa hiyo mchana ule mdogo wangu alipoingia kibandani na kifurushi cha khanga kwapani, na kusema, "Dada, nimekileta," niliacha msasa nikamtazama. Mtu mzima mwenye ndevu, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo.

"Umekileta nini?" nilimuuliza, ingawa nilikuwa nimeshaiona shingo imechungulia kwenye khanga.

"Nimechoka kulala wawili."

Alikaa juu ya boti iliyopinduliwa akanieleza. Mchumba wake, mwanamke anayeuza vitambaa pale Runzewe, mwenye akili zake timamu, alikuwa amemwambia waziwazi kwamba hawezi kupanda kitanda chenye mtu tayari. Matangazo ya ndoa yalikuwa yameshaanza kusomwa kanisani. Lakini kilichomtoa huko hakikuwa mchumba peke yake. Alisema kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwenye mikono yake.

"Nikigeuka usingizini, nasikia mtu anasogea kunipisha. Zamani sikujali. Siku hizi hanipishi, dada. Nageuka, nakuta pamejaa."

Nilikasirika, maana mimi nikiogopa hukasirika kwanza.

"Kizike basi, uache kunitisha mchana kweupe."

"Nizike nini? Anazikwa aliyekufa. Mama hajawahi kusema amekufa."

"Kitupe ziwani."

"Wewe ungemtupa?"

Alifungua khanga, akamweka kibuyu juu ya benchi langu la kazi, katikati ya mapanga matano mapya niliyokuwa nimemtengenezea. Kilikuwa kimeng'aa kwa kushikwashikwa miaka yote ile, chekundu cheusi kama kahawa, kikinuka samli.

"Nataka aondoke mwenyewe," alisema. "Ile ndege kubwa inahitaji pua. Mfanye awe pua. Nimrushe juu ya ziwa, aende mpaka betri iishe."

Kwa ufundi hakukosea, na hilo ndilo lililoniudhi. Propela ya mapanga mengi hufunikwa katikati kwa kofia iliyochongoka, ili kitovu kisionekane na upepo upite vizuri, na kibuyu chenye shingo kina umbo hilo hilo. Tena ndege zile za pua fupi huhitaji uzito mbele, la sivyo zinanyanyua kichwa na kuanguka. Kila mara mimi humtilia risasi za nyavu, zile za kuzamishia. Safari hii ingekuwa ndugu yake.

"Mama anajua?"

Alianza kuikunja khanga.

"Siibi mtoto wa mama yangu," nilimwambia. "Mpigie."

Alipiga, akaweka sauti ya nje. Nilimwamkia mama, akaitikia, "Marahaba, mayu," yaani mama, neno ambalo kwetu hata binti huitwa nalo, kwa ile sauti yake ya kutaka kujua nani anaumwa. Mdogo wangu akamweleza yote bila kuficha, mchumba, usingizi, ndege, ziwa. Upande wa pili tulisikia mbuzi, na mlango ukisukumwa na upepo, na hakuna kingine. Nikadhani simu imekatika.

"Unajua nilichosema siku zote," mama akasema mwishowe.

"Najua, mayu. Kwamba nitamfuata."

"Na bado unataka."

"Nikibaki naye pia nakwisha."

Mama akasema, "Mwambie dada yako asimpasue. Jumamosi nakuja." Akakata.

Mdogo wangu alirudi Runzewe kumalizia ndege yake, akaniacha na kibuyu. Nilikiacha juu ya benchi mpaka kesho yake nikijifanya nina boti za watu. Nilipokishika hatimaye nikakitikisa sikioni, ndani kitu kilisogea. Hakikugonga kama mbegu. Kilivuta mwendo, kikaenda upande mmoja, kikatulia kabla mkono wangu haujatulia.

Najua kilikuwa nini. Ni uji wa miaka yote ile uliokauka, na mbegu, na labda ganda lililobanduka. Lakini chochote kinachocheza ndani ya pua ya propela ni hatari. Mota ikishika kasi, kile kitu kinakimbilia upande mmoja, propela inatetemeka, na ndege inasambaratika kabla haijafika mbali. Kwa kawaida ningekata, nikasafisha, nikafunga. Nilikuwa nimekatazwa kukata. Nilikaa na kile kibuyu mapajani nikifikiri, na jawabu lilipokuja sikulipenda.

Nilikisimamisha kwenye kopo la mchanga, mdomo juu, nikakinyoosha mpaka kisimame wima kabisa, ili vilivyomo vitulie katikati. Nikachanganya rezini kidogo kwenye kikombe. Nikachukua kijiko kidogo, nikaanza kumimina matone kupitia mdomo wa kibuyu, taratibu, nikisubiri lishuke tone moja kabla ya kutia jingine. Nilikuwa nimeshafika katikati ya kikombe nilipogundua mkono wangu wa kushoto unakishika shingo kwa vidole viwili, kama mama alivyokuwa akishika. Nilikuwa namlisha. Nilisema kwa sauti, "Basi, mdogo wangu, kidogo tu," na kutia tone jingine.

Kisha nikausiliba mdomo kwa kipande cha faiba, nikaupaka rezini, nikausawazisha vizuri kwa kidole, maana upepo wa mbele ungeingia humo na kupiga mluzi.

Rezini hupata moto inapoganda. Nimeizoea, nimeungua nayo, naweza kukuambia kwa kuishika tu imebaki muda gani. Hata hivyo nilipokichukua kibuyu kutoka mchangani na kukikuta na joto, joto lile la paji la uso la mtoto anayeumwa, nilikaa chini. Jua lilikuwa linawaka nje, wanawake wakigeuza dagaa kwenye nyavu na kutaniana kwa sauti kubwa. Mimi nilikuwa nimeshika kibuyu chenye homa na siwezi kukiweka chini. Nilikishika mpaka joto likapungua, likapungua tena, likaisha, na kilipokuwa baridi kabisa nilijikuta nalia, kwa sababu safari hii sikuwa nimeomba kiwe baridi.

Niliyafunga mapanga matano kwenye kitovu, nikamfinyangia kibuyu kikombe cha faiba cha kumkalisha hapo mbele bila kumtoboa. Halafu nikaipima. Upimaji wenyewe ni rahisi: unapitisha chuma chembamba katikati ya kitovu, unakilaza chuma juu ya makali mawili ya wembe, unaiachia propela. Panga zito litazunguka lishuke chini. Unalipunguza kwa msasa, unajaribu tena, na kazi hiyo huweza kukumalizia siku. Kabla sijaweka kibuyu, kulikuwa na panga moja lililoshuka kila mara, nami nilikuwa nimeliwekea alama ya kalamu.

Niliachia. Propela haikusogea. Nikaigeuza lile panga la alama liwe juu, nikaachia. Ilibaki hapo hapo. Nikaiweka ubavu, nikaiweka kila namna, na kila nilipoiacha ndipo ilipokaa, imetulia kama kitu kinachosikiliza. Miaka yote ya kazi hii sijapata propela iliyokubali mara ya kwanza. Fundi yeyote angeshangilia. Mimi niliuweka kando msasa, nikatoka nje nikakae penye watu.

Jumamosi asubuhi mama alishuka kwenye bodaboda akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Mdogo wangu alikuwa ametangulia na ndege, ameiweka kwenye mchanga mgumu ng'ambo ya mwalo, mbali na dagaa za watu. Ilikuwa ndege nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, ya kijivu, mabawa mapana, na pale mbele mapanga matano yameizingira ile pua nyekundu nyeusi. Mama aliikaribia polepole. Alikuwa amebeba thamosi na kijiko cha mbao.

Hakuna aliyekuwa amefikiria uji. Si mimi, si mdogo wangu.

Mama alipiga magoti mbele ya ndege, akafungua thamosi, akachota kidogo, akapuliza. Mkono wake wa kushoto ukaishika shingo ya kibuyu kwa vidole viwili. Akapeleka kijiko, akasita. Akapapasa pale juu kwa kidole gumba, mara moja, mara ya pili, akitafuta.

"Mmemziba mdomo," akasema.

Hakupaza sauti. Ningeshukuru kama angenipiga. Nilianza kueleza habari za upepo na mluzi na mtetemo, nikajisikia nilivyo mpumbavu. Uji ulidondoka kutoka kwenye kijiko ukaingia mchangani.

"Alikula mara ya mwisho, kabla hamjamziba?" aliniuliza.

"Alikula, mama. Nilimlisha mimi."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu. Sijui aliona nini, lakini alirudisha kijiko kwenye thamosi na kusimama, akishika bega langu.

"Mrushe," akamwambia mdogo wangu. "Kabla sijabadili mawazo."

Propela ya mapanga mawili hulia kama nyuki aliyekasirishwa. Ya mapanga matano sauti yake hutoka kifuani, nzito, tulivu, na ukiisikia kwa mara ya kwanza unageuka kutazama nani anaguna nyuma yako. Ndege ilikimbia mchangani, ikainuka bila kutikisika hata kidogo, ikapita juu ya vichwa vyetu. Mama alifunika masikio, kisha akayafunua.

"Ndivyo alivyokuwa akiguna akishiba," alisema.

Mdogo wangu aliizungusha mara moja juu yetu. Jasho lilimtiririka. Nilijua anachofanya, alikuwa anatafuta sababu ya kuishusha. Akaizungusha tena. Mama akasogea akamshika mkono wa kulia, pale kwenye mapigo, kwa nguvu, kama unavyomshika mtoto penye kina kirefu cha maji.

"Mwache mwenzio aende," akamwambia.

Naye akaielekeza ziwani.

Asubuhi ile wadudu wa ziwa walikuwa wamepanda, wale wadogo wanaotoka majini kwa wingi usiohesabika na kusimama angani kama moshi wa kijiji kinachoungua. Nguzo yao moja ilikuwa mbali kidogo na ufuko, nyeusi, ikipinda polepole. Ndege ilikwenda moja kwa moja kama iliyoitwa. Mdogo wangu anasema mpaka leo kwamba hakuielekeza huko, na mimi nilikuwa nimevitazama vidole vyake, vilikuwa havigusi kitu. Iliingia kwenye ile nguzo. Tulingoja itokee upande wa pili.

Haikutokea. Sauti ndiyo iliyobaki, na wadudu wale nao wana mngurumo wao, mzito vile vile, kwa hiyo hatukuweza kujua ya propela imeishia wapi na ya wadudu imeanzia wapi. Mdogo wangu alitazama saa ya rimoti, akasema betri imekwisha. Tukasikiliza. Bado ilikuwepo. Akazima rimoti, na bado ilikuwepo. Upepo ukageuka, nguzo ikaanza kulegea na kutawanyika juu ya maji, na ndani yake hapakuwa na kitu.

Mama alikuwa hajauachia ule mkono. Uso wake ulikuwa umepauka na midomo ilikuwa ikihesabu kitu, nikaelewa kwamba anahesabu mapigo. Miaka yote ile alikuwa ameingoja saa hii, na sasa imefika alikuwa akisubiri mwanawe aanguke. Nami pia nilikuwa nasubiri, nikiwa nimesogea nyuma yake ili nimdake, mimi nisiyeamini mambo hayo.

Mdogo wangu alisimama. Alikuwa akipumua kwa nguvu.

"Upo?" mama akamuuliza.

"Nipo, mayu."

Mama akamkalisha mchangani, akamimina uji wote uliobaki kwenye kifuniko cha thamosi, ukajaa mpaka ukingoni, akampa. Alikunywa kama mtu aliyetoka shimoni. Alipofika nusu aliacha, akakiweka kifuniko chini upande wake wa kushoto, pasipo na mtu. Sidhani hata kama aliuona mkono wake ukifanya hivyo.

"Maliza," mama akasema.

Alikitazama kile kifuniko. Akakichukua. Akanywa polepole, mama akilitazama koo lake likipanda na kushuka, mpaka akakipindua na hakikudondosha kitu.

"Upo?" mama akauliza tena.

"Nipo."

"Peke yako?"

Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akakaa akisikiliza ndani mwake namna ambavyo mtu husikiliza nyumba anayodhani imebaki tupu.

"Peke yangu," akasema, kisha akaanguka kwenye mapaja ya mama akalia kilio cha msiba, kile cha siku ya kwanza, na mama naye kwa mara ya kwanza akalitamka neno lile, akasema mwanangu amekufa, amekufa, amekufa, mpaka wanawake wa dagaa wakaacha kazi zao wakaja kukaa nasi.